Nani Kasema Dereva Hakopesheki?

Ndugu msomaji, nianze na daftari. Ni kaunta buku la kawaida, jalada limeungwa kwa selotepu, kona zimeliwa na jasho na grisi. Ndani hakuna shairi wala hadithi. Kuna tarehe, kuna namba, na pembeni ya kila namba kuna alama ya vema. Mwenye daftari ni baba yangu mdogo, mkazi wa Lemara, dereva wa kifodi. (Kwa mgeni wa Arusha: kifodi ndiyo daladala yetu. Usituulize sana jina limetoka wapi, panda twende.)

Kila jioni kwa miaka minne ameandika hesabu aliyompelekea tajiri. Siku ya kazi, elfu hamsini. Gari likilala gereji, anaandika "gereji". Hesabu ikipungua, anaandika imepungua kiasi gani na kwa nini: mvua, msiba, trafiki. Usiku mmoja tulikaa naye, taa ya kuchaji katikati ya meza, tukajumlisha. Siku ambazo hesabu ilifika kamili zilikuwa 1,126. Pigeni wenyewe: shilingi 56,300,000. Siku zilizopungua zilikuwa 41 tu.

Asubuhi yake tukavaa vizuri tukaenda mjini, kwenye benki ambayo sitaitaja. Baba mdogo alikuwa na milioni sita, akiba ya kikoba na ya kujinyima. Alikuwa ameona haisi moja iliyotumika, mwenyewe anataka milioni ishirini na sita. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mimi natoa sita, benki itoe ishirini, gari lenyewe liwe dhamana, nilipe kwa miaka minne. Hakuomba sadaka.

Dada wa mikopo alitupokea kwa adabu, sitamsingizia. Akauliza: "Baba, umeajiriwa wapi?"

"Mimi ni dereva, mwanangu. Kifodi."

"Mkataba wa ajira unao? Karatasi ya mshahara ya miezi mitatu?"

Baba mdogo akatoa daftari kwenye mfuko wa rambo, akalisukuma taratibu juu ya meza. Dada akalitazama jalada. Hakulifungua. Akasema, tena kwa upole, "Hili baba haliwezi kuingia kwenye mfumo." Akatupa fomu ya kufungua akaunti ya biashara, akatuambia turudi baada ya miezi sita tukiwa na leseni ya biashara, taarifa ya benki na hati ya nyumba au kiwanja.

Tumetoka pale, baba mdogo hakusema neno mpaka Mnara wa Saa. Halafu akacheka, akasema, "Kumbe miaka yote hii nilikuwa nacheza."

Ndiyo maana naandika.

Tulichambue neno lenyewe, sisi tunaojidai wapenzi wa lugha. Wanasema fulani "anakopesheka", fulani "hakopesheki". Kwa akili ya kawaida anayekopesheka ni mtu ambaye ukimpa atarudisha. Kumbe sivyo. Kwenye fomu, anayekopesheka ni mtu mwenye karatasi. Karatasi ya mwajiri, karatasi ya mshahara, karatasi ya kiwanja. Kulipa kwenyewe, ule mkono unaotoa hela kila jioni bila kusukumwa, si sifa. Hakuna kisanduku chake kwenye fomu.

Sasa linganisheni. Mkopo wa milioni 20 kwa miaka minne, tuseme riba ni asilimia 18 kwa mwaka kwa salio linalopungua, rejesho lake ni kama shilingi 587,500 kwa mwezi. Baba mdogo kwa miaka hiyo hiyo minne amekuwa akimpelekea tajiri wastani wa shilingi 1,170,000 na ushee kwa mwezi. Karibu mara mbili! Mtaniambia tajiri naye ana gharama: matairi, bima, LATRA, fundi. Kweli kabisa. Basi toeni nusu nzima iende huko gereji na kwenye bima. Nusu inayobaki inafika kwenye rejesho. Mtu huyu amekwisha kulipa mkopo wa gari. Kasoro ni moja tu: alikuwa analipa gari la mwenzake.

Na hapa kuna jambo linalonichekesha kwa uchungu. Yule tajiri si malaika wala mfadhili. Ni mfanyabiashara, tena mkali. Lakini kila alfajiri anamkabidhi baba mdogo gari la mamilioni, bila hati, bila mdhamini, bila karatasi ya mwajiri. Anamkabidhi funguo na kusema "tuonane jioni". Kwa nini? Kwa sababu anamjua kwa kulipa kwake. Tajiri mmoja mwenye kalamu ya bei ya mia tatu anajua kupima uaminifu ambao benki yenye kompyuta ghorofa nzima haiwezi kuupima. Nani hapo amesoma?

Najua jibu litakalokuja. "Madereva ni wahuni. Wanakunywa, wanapata ajali, wanatoroka na gari." Wapo. Na watu wa tai wanaokopa kwa mishahara kisha wakaacha kazi na kuhama mji hawapo? Ajali ina bima, na benki hukulazimisha ukate bima kubwa kabla hujawasha gari. Kutoroka kuna kadi, ambayo huandikwa jina la benki pamoja na lako mpaka umalize deni. Gari siku hizi hufungwa kifaa cha kuonyesha lilipo hata likiwa limejificha Namanga. Hatari zote hizo zina dawa, na dawa yenyewe mkopaji ndiye anailipia. Isiyo na dawa ni dharau.

Mkopo wa gari wenyewe haukuzaliwa kwa huruma wala kwa ajili ya wateule. Mwaka 1919 kampuni ya General Motors ya Marekani ilianzisha tawi lake la kukopesha wanunuzi, kwa sababu magari yalikuwa yakitengenezwa mengi kuliko wenye fedha taslimu mkononi. Henry Ford aliona deni ni aibu, akawaambia watu waweke akiba kwanza, kidogo kidogo, kila wiki. Soko likamkataa. Mwaka 1928 naye akaanzisha kampuni ya kukopesha. Wafanyakazi wa kawaida wakanunua magari kwa awamu. Hawakuwa wamegeuka matajiri. Aliyekuwa na mali ya kuuza alikubali kuangalia kipato chao kilivyo, cha wiki kwa wiki. Huko kipato cha wiki kilihesabiwa kuwa kipato, na hapa kwetu cha kila siku kinahesabiwa kuwa uhuni.

Wala tusiende mbali hivyo. Kampala, kampuni ya Tugende tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 imewakopesha waendesha boda pikipiki za kulipia wiki kwa wiki mpaka ziwe zao. Hawakungoja boda apate barua ya mwajiri. Na hapa kwetu, tangu 2014 simu ya mkononi imekuwa ikikopesha watu kwa kuangalia mwenendo wa miamala yao tu. Kwa hiyo hoja ya "mfumo haukubali" ni uongo wa heshima. Mfumo unakubali ukitaka. Unakubali kumkopesha mama lishe elfu ishirini ya kurudisha kwa riba ya haraka. Ikifika ishirini milioni ya kumtoa mtu utumwani, mfumo unapata mafua.

Matokeo yake ni nini? Aliyefukuzwa mlango wa mbele huingilia uani. Vijana wa toyo pale kijiweni wanajua ninachosema. Mkopo wa kwanza wa chombo kwa kijana wa Lemara unaitwa "mkataba". Tajiri ananunua pikipiki, tuseme milioni mbili na laki tisa. Wewe unaleta elfu sabini kila wiki kwa wiki sitini, halafu inakuwa yako. Sabini mara sitini ni milioni nne na laki mbili. Umeongeza milioni moja na laki tatu juu ya bei, na matengenezo ni yako. Si wizi, watu wamekubaliana. Lakini mkataba wenyewe uko wapi? Mara nyingi ni kipande cha daftari chenye sahihi mbili, au ni maneno matupu. Wiki ya hamsini na tano unaumwa malaria, hesabu inachelewa wiki mbili, tajiri anakuja na kijana mwingine, anachukua pikipiki. Wiki hamsini na tano zimekwenda na maji. Utamshitaki kwa karatasi gani?

Wakenya wana sheria, sura ya 507, inayosema mnunuzi wa awamu akishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kumnyang'anya bila kwenda mahakamani. Sisi nasi tuna sheria ya kununua kwa malipo ya awamu, ya tangu 1966. Nauliza kijiwe kizima: nani kati yenu amewahi kuiona? Kanuni za 2010 ziliruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa malipo. Kazi ikatambuliwa, mfanyakazi akasahauliwa.

Na akishindwa mkataba, anaangukia "kausha damu". Jina hilo hawakulitunga washairi, wamelitunga wadeni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ililetwa kuwabana hao, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa kampuni ndogo za kukopesha. Maana yake, ukikopa milioni moja kwa mwezi mmoja riba isizidi elfu thelathini na tano. Shika hiyo namba kichwani kama unavyoshika jina la mpenzi wako. Anayekudai laki mbili kwa mwezi juu ya milioni na kukunyang'anya kitambulisho anavunja sheria, hata kama ana ofisi yenye kiyoyozi.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana nisije nikaonekana nawasema wenye benki tu na kuwaacha wenzangu wenye mishahara. Ndugu zangu mnaokopesheka, mmeikopea nini hiyo karatasi yenu?

Mtu ameajiriwa juzi serikalini. Kima cha chini tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000. Mwezi wa nane tayari anaulizia IST. Haya, tumpigie hesabu. Pensheni, bima ya afya na kodi vinakula kama 56,400. Anabaki na 443,600. Akikopa milioni kumi kwa miaka mitano kwa asilimia 18, rejesho ni kama 254,000 kwa mwezi. Anabaki na 189,600. Kwa siku ni elfu sita na mia tatu. Sheria inasema mtumishi abakiziwe angalau theluthi ya mshahara, na hapo imetimizwa, kwa hiyo ofisa atagonga muhuri huku anatabasamu: unakopesheka! Lakini elfu sita na mia tatu ni kula, kodi ya chumba, mama kijijini, na mafuta ambayo EWURA inatangaza bei yake kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Gari litalala nje ya geti siku ishirini na tano, litatoka siku ya mshahara kwenda kupigwa picha Njiro.

Huyu anapewa, baba mdogo ananyimwa. Gari la huyu halitaingiza hata senti. Gari la baba mdogo lingelisha kaya tatu: yake, ya konda na ya deiwaka. Niambieni kama hapo anayekopesheka ni nani.

Simkatazi mtu gari. Mwenye mtoto mgonjwa anajua thamani ya usafiri wa saa nane za usiku. Lakini ukikopa uliza swali moja kabla ya sahihi: riba hii ni ya salio linalopungua, au ni ya mkopo wote mpaka mwisho? Kwa ile milioni kumi ya miaka mitano, ya kwanza utalipa jumla kama milioni 15 na laki mbili. Ya pili utalipa milioni 19. Asilimia ni ile ile 18 kwenye bango! Swali hilo moja lina thamani ya zaidi ya milioni tatu na nusu, na kuliuliza ni bure.

Serikali nayo isikae pembeni kama mtazamaji wa bao. Mtu wa kipato kidogo hanunui gari jipya, ananunua lililochoka Japani. Likifika bandarini hukutana na ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na ushuru wa bidhaa ambao huongezeka gari likiwa zee. Najua sababu, hatutaki nchi iwe jalala la vyuma. Sawa. Lakini matokeo yake ni kwamba kadiri unavyokuwa huna, ndivyo unavyotozwa zaidi kwa asilimia. Kama mnatuongezea ushuru kwa sababu ya uzee wa gari, basi tuwekeeni njia ya kukopa lililo jipya kidogo. Huwezi kumfungia mtu milango yote miwili halafu ukamshangaa anaruka dirisha.

Ipo ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, mkopo usio na riba. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejea 2024. Ni jambo jema, silibezi. Lakini vijana wanatakiwa waende kwa kikundi, na kikundi cha kuundwa haraka kwa ajili ya fomu huvunjika haraka baada ya hela. Wapo watu tayari ni kikundi bila kuambiwa: madereva na makonda wa njia moja, wanaochangiana misiba na faini. Waendeeni hao hukohuko stendi, mkawasikilize.

Basi nataka nini? Nisije nikaambiwa nalalamika tu kama redio mbovu. Kwanza, hesabu ya dereva itambuliwe kuwa ushahidi. Tajiri apokee kwa simu, au agonge sahihi kwenye daftari, na benki isome miaka miwili ya hesabu kama inavyosoma miezi mitatu ya mshahara. Benki Kuu ina kumbukumbu za wakopaji nchi nzima, ambazo anayechelewesha rejesho huandikwa. Kwa nini anayelipa kila jioni asiandikwe? Pili, kila mkataba wa toyo na bajaji uandikwe, ushuhudiwe ofisi ya kata, na ueleze wazi nini kinatokea mtu akiumwa. Tatu, gari la kazi litangulie gari la maonyesho.

Na la nne ni letu sisi, tunaoandika kwenye kurasa hizi. Nimesoma hadithi zetu nyingi. Dereva akitokea, anatokea akitukana. Konda akitokea, ananing'inia mlangoni na kunyima wanafunzi siti. Tumewachora kama vikaragosi kisha tunashangaa dada wa benki hakufungua daftari. Angelifungua vipi, na sisi wenyewe hatujalifungua? Mle ndani mna miaka minne ya maisha ya mtu, siku kwa siku, pamoja na siku aliyomzika mama yake na bado akapeleka elfu ishirini na mbili jioni. Sijui kitabu chetu kipi kina ukweli wa kiasi hicho.

Kwa hiyo, wewe mwenye kalamu, ukimaliza shairi lako Jumamosi nenda kijiwe cha karibu. Muulize mshikaji mmoja mkataba wake uko wapi. Kama hana, kaeni muuandike: majina, bei, hesabu ya wiki, idadi ya wiki, nani anatengeneza, siku za ugonjwa, mashahidi wawili. Nakala mbili. Haitachapishwa popote na hutapigiwa makofi. Lakini wiki ya hamsini na tano karatasi hiyo inaweza kumwachia mtu pikipiki yake.

Baba mdogo bado anaendesha gari la tajiri. Jana nimemkuta nje, amekaa kwenye ndoo, anaandika. Nikachungulia. Elfu hamsini, na alama ya vema. Nikamwambia, "Baba mdogo, si walisema haliingii kwenye mfumo?"

Akasema, "Waache. Mimi naandika. Siku watakapotaka kusoma, wasije wakasema sikuandika."

Mwenye jibu alete, ukurasa upo.